Barabara ya Chaki Kwenye Gauni la Wifi

Suruali ya kwanza kushonwa katika nyumba ile ilikuwa na miguu miwili, ila miguu yenyewe haikuwa ya mtu mmoja. Mguu wa kulia ulimtosha mtoto wa miaka mitano. Wa kushoto ungemfaa mlinzi wa benki. Mwenye suruali, kitinda mimba wa nyumba, aliivaa bila kinyongo, akiukunja ule mguu mrefu hadi gotini, na watoto wa jirani walipomuuliza kulikoni, akawajibu kwamba upande huo bado anakua.

Mshonaji alikuwa mama yake. Huyu hakuwa fundi nguo. Kazi yake ilikuwa kusoma mita za maji, mwanamke wa kuingia ua baada ya ua na tochi mkononi, akiinamia visanduku vyenye buibui huku mbwa wa watu wakimjadili. Mtaa mzima ulimwita Mama Mita, na mumewe, ambaye hajasoma mita hata moja maishani mwake, akaitwa Baba Mita kwa kuponzwa na ndoa. Baba Mita alikuwa fundi wa majokofu. Uani kwake palikuwa na friji moja ambalo halijapona tangu lilazwe pale, na kila mazungumzo ya ndani yalipoanza kupata moto, alikumbuka ghafla kwamba mgonjwa hajaangaliwa.

Wavulana walikuwa wawili. Mkubwa, wa miaka saba, aliitwa Mzee, kwa sababu tangu aanze kusema alisema kama mtu aliyestaafu. Mdogo, ndiye huyo wa suruali, aliitwa Kifungo, kwa sababu aliwahi kukimeza kimoja, na familia nzima ikakaa ikikisubiri kwa adabu.

Na cherehani ilikuwa moja. Ilikuwa ya kuzungusha kwa mkono, nyeusi, yenye maua ya dhahabu yaliyofutika ubavuni, nzito kiasi kwamba aliyeibeba mara moja hakujitolea mara ya pili. Ilikuwa ya marehemu mama mkwe. Siku vitu vya marehemu vilipogawanywa, Baba Mita aliitia begani akamletea mkewe kabla dada yake mkubwa hajafika. Dada huyo, yaani wifi yake Mama Mita, ndiye aliyekuwa fundi wa kweli katika ukoo. Alikuwa na duka lenye kioo kirefu mbele, cherehani za umeme zilizopangwa safu, na magauni ya harusi yaliyowaliza mama wa mabibi harusi kabla hata ndoa haijafungwa. Alipofika na kukuta meza ya mama yake tupu, aliyameza maneno yake. Lakini kitu alichokimeza wifi, tofauti na kile kifungo, hakikutoka upesi.

Mambo yalianza likizo ya shule. Mama Mita naye alichukua likizo yake kazini, akiwa na ndoto za kupumzika. Kabla jua halijapanda, wanawe walikuwa wameifungua redio ili wamwone msomaji wa habari, wakamkosa, na wakasisitiza kwamba ametoka kidogo. Ndipo mama akaivuta cherehani kutoka kona yake, akaifuta vumbi, akawaita. Yeye mwenyewe hakujua kushona. Mwalimu hajui, wanafunzi hawajui. Darasa likaenda vizuri sana, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumcheka mwenzake.

Walianza na vipande vya mashuka yaliyochakaa. Shuka moja lilining'inizwa nyuma ya mlango likashonewa mifuko, kila mfuko ukabandikwa tarakimu ya kitambaa, na kazi ya wavulana ikawa kutia ndani vifungo kwa idadi ya tarakimu. Mzee alijifunza kutoa kwa kuchomoa vifungo vya mdogo wake. Kifungo alijifunza kujumlisha kwa kwenda kuvidai. Soksi iliyopoteza mwenzake ikageuzwa mamba mwenye macho ya vishikizo vya shati, na mamba huyo akawa hodari wa kusomewa vitabu, ingawa alikataa katakata maneno marefu, akayafungia mdomo mpaka yasomwe na mama.

Mchezo uliotia fora, hata hivyo, ni ule walioupa jina la Barabara. Mama Mita alichora mstari wa chaki juu ya kitambaa: hiyo ndiyo barabara. Sindano ndiyo gari. Kila tundu ni kituo. Kifungo, ambaye kimo chake hakikufika kwenye meza ya cherehani, aliendesha kwa sindano ya mkono, amekaa sakafuni ulimi nje, na Mzee akawa wa kutangaza vituo na kuvihesabu. Mishono ya mwanzo ilikwenda kama kuku aliyeona mwewe. Tena Kifungo alikuwa na tabia ya kuacha kazi katikati akamfuate mjusi, kwa hiyo mama akaweka sheria moja tu: barabara ikishachorwa, dereva haishii njiani. Anaifuata mpaka chaki iishe. Na kwa kuwa uzi ulikuwa ukifumuka kila akiuvuta, akamwonyesha kurudi nyuma hatua moja kila akisonga mbele mbili. Wakakubaliana kwamba huko kurudi ni kuchukua abiria waliochelewa.

Habari za suruali ya mlinzi wa benki zilimfikia wifi dukani kwake, maana habari za namna hiyo hazihitaji nauli. Akapiga simu. Alianza kwa kuuliza hali za watoto, akamalizia kwa kusema kwamba cherehani ya mama yake si mwanasesere. Atakuja Jumamosi. Akikuta nguo moja iliyokamilika, ya mtu kuvaa akapita nayo mbele za watu, atanyamaza. Asipoikuta, cherehani itaondoka naye.

Mama Mita alijibu kwamba aje tu, tena aje mapema, kwa sauti ya mtu anayejua anachofanya. Alipokata simu akakaa kitako juu ya ndoo.

Hakuwa akikililia chuma. Kazini kwake alizoea kuona mapazia yakisogea na milango ikifungwa, maana msoma mita haji na habari njema. Kwenye kile kiti mbele ya cherehani, hali ilikuwa kinyume: watu wawili wadogo walimgombania ukaribu, mmoja ameshika gurudumu, mwingine ameshika upindo wa nguo yake, wote wanamuuliza maswali ambayo hakuna aliyejua majibu yake. Gurudumu lilizungushwa na Mzee, kitambaa kiliongozwa na mama, na mmoja asipomsikiliza mwenzake sindano ilivunjika. Hakujua kitu kingine ndani ya nyumba kilichowalazimisha kusikilizana. Cherehani ikiondoka, likizo ingerudi kwa msomaji wa habari.

Wakaamua kushona shati la Kifungo. Mama Mita aliipima mikono yote miwili, akijua historia. Kola ilishonwa, ikafumuliwa, ikashonwa, ikafumuliwa, mpaka Mzee akaweka mikono nyuma na kusema kwamba sasa kola hii inatufahamu kwa majina. Tundu moja la kifungo likatoka dogo kuliko kifungo, jingine likatoka kubwa kiasi cha kupitisha kidole gumba, wakayaita baba na mwana.

Kisha ukaja mfuko. Kifungo alitaka mfuko wake uwe mgongoni. Mama alimweleza kwamba mfuko huwekwa kifuani ili mwenyewe auone. Mtoto akasema ndiyo maana hautaki kifuani: mfuko wa mbele unaujua wewe, unajua kilichomo, hakuna raha. Wa mgongoni, mtu akipita anaweza kukutilia kitu, nawe ukivua shati jioni ndipo unajua. Mfuko ukashonwa mgongoni.

Jumamosi wifi aliingia amevaa gauni alilolishona mwenyewe, la maua, pana kuanzia kiunoni, la kitambaa kizito kisichojikunja ovyo. Alipoketi, gauni lilikaa kochi zima kama familia iliyokuja kukaa siku nyingi.

"Wifi yangu, umenenepa," alisema akiangaza chumba, "au ni mishono yako inakuonea?"

"Nimenenepa, wifi. Wewe je, umepungua kweli au umebana pumzi?"

Baba Mita, aliyekuwa ameshika mlango, akacheka kwa uangalifu, asije akaonekana amecheka upande mmoja. Wavulana walimwamkia shangazi yao, wakapewa biskuti, na shati likaletwa limekunjwa juu ya mikono ya Kifungo kama bendera.

Wifi hakulitazama mbele. Aliligeuza ndani nje, kwa sababu huko ndiko nguo husema ukweli wake. Alipitisha ukucha juu ya mshono wa bega. Akauvuta. Akaisogeza kola karibu na dirisha. Aliwaona baba na mwana, akasema matundu haya yalipaswa kupelekwa hospitali. Akaligeuza tena, akaukuta mfuko, akalizungusha shati mara mbili akidhani amepotea.

Kifungo akamweleza sababu. Alieleza yote, kwa mpangilio, mpaka kwenye kuvua shati jioni. Wifi alimsikiliza amebana midomo kama mtu aliyeshika pini kati ya meno, na Mama Mita, aliyekuwa akimchunguza kama anavyochunguza mita iliyokwama, aliona pembe ya mdomo ikitikisika. Lakini mdomo haukufunguka.

"Shati hili sijui niseme nini," wifi alisema hatimaye. "Lakini huu upindo wa chini ameushona nani? Sindano yenu hii ilikuwa haina usukani?"

Mzee, kwa heshima, akasema upindo ulikuwa kazi ya Kifungo, tena aliushona akiwa na mafua.

Basi wifi akataka kuona kwa macho yake. Hakuamini kwamba mtoto wa kimo kile anaweza kushikishwa sindano akajifunza chochote zaidi ya kujichoma. Aliomba kitambaa, akapewa kipande cha shuka. Akakitandika pajani, juu ya gauni. Akaomba chaki. Sasa, fundi aliyekata nguo miaka mingi ana mkono wake. Dukani kwake wifi alichorea juu ya meza ndefu ya mbao, na kwa watu wa kazi ile chaki haisimami ukingoni mwa kitambaa. Hupitiliza mpaka kwenye mbao, ili mstari usipinde mwishoni. Meza yake ilikuwa nyeupe kwa mikia ya mistari ya maisha yake yote. Mkono ule ule sasa ulishuka pajani, macho yakiwa kwa Mama Mita na si kwenye kazi, ukavuta mstari mmoja ulionyooka kama uzi ulioning'inizwa jiwe. Mstari ulianza kwenye shuka. Ukavuka ukingo wa shuka. Ukaingia kwenye maua ya gauni, ukashuka nayo, ukaishia kwenye kitambaa cha kufunikia kochi.

"Shona hapo," wifi alimwambia Kifungo, akimwelekeza kwenye kipande pale pajani bila kukitazama. "Fuata mstari wangu mpaka mwisho. Nisikusikie ukisimama."

Kifungo alimtazama kaka yake. Mzee akaitikia kwa kichwa: amri imeeleweka. Dereva akalamba uzi, akaupenyeza, safari ikaanza.

Wifi naye akamgeukia mwenyeji wake. Alisema ameona, tena ameona vya kutosha, na hana nia mbaya. Cherehani ile ataiweka kwenye rafu ya juu dukani, nyuma ya kioo, mtu akipita njiani aione. Mama Mita akamuuliza huko juu itashona nini. Wifi akasema si lazima ishone. Imeshona vya kutosha, ipumzike, iheshimiwe. Mama Mita akasema kama ni heshima ya kukaa kimya nyuma ya kioo, hata yeye angeipenda, lakini hakuna aliyemnunulia rafu. Hapa ndani haiheshimiwi sana, ni kweli, wakati mwingine inamwagiwa uji, lakini inazunguka. Baba Mita akasikika akisema kwamba kuna mlio anausikia kwenye friji, akatoka.

Waliendelea hivyo, wifi akimweleza mwenzake jinsi watoto wa kiume wanavyolelewa, mwenzake akimuuliza amewalea wangapi. Chini, karibu na miguu ya kochi, Mzee alitangaza vituo kwa sauti ya chini ya mtu wa kazi. Ishirini na tatu. Abiria wamepanda. Ishirini na nne.

Mama Mita aliliona jambo lenyewe likiwa limeshafika mbali. Aliteremsha macho kutafuta biskuti iliyoanguka, akaona mkono mdogo umekwisha kuvuka shuka, umevuka gauni, na sindano inatoka na kuingia kwenye kitambaa cha kochi, polepole, kwa nidhamu, mbele mbili nyuma moja. Alifungua mdomo.

"Wifi, subiri kidogo, kuna..."

"Usinikatize, wifi. Huku kunikatiza kila mara ndiyo sababu hatuelewani. Nisikilize mpaka mwisho."

Basi hakumkatiza. Alifunga mdomo, akakunja mikono, akamsikiliza wifi yake mpaka mwisho, kwa makini ambayo hajawahi kumpa. Wifi alizungumza kwa ufasaha. Alizungumzia nidhamu, kazi za mikono, na watu wanaochukua vitu wasivyojua kuvitumia, na alipohitimisha akashika mkono wa kochi na kuinuka kwa hadhi.

Kochi liliinuka naye. Si kochi lote. Kitambaa chake, na mto uliokuwa juu ya kitambaa, na sahani ya biskuti iliyokuwa juu ya mto. Sahani ilianguka bila kuvunjika. Mto ukaning'inia ubavuni mwa wifi kama mtoto aliyegoma kutembea.

"Shangazi, kaa," alisema Kifungo kutoka sakafuni, sindano bado mkononi. "Kimebaki kituo kimoja."

Wifi alivuta gauni. Halikuachia. Alivuta kwa mikono miwili, na yeye aliyekuwa amefumua mishono ya watu nusu ya umri wake akagundua kwamba huu si mshono wa kuachia. Aliinama akautazama, akaufuata kwa kidole kutoka shuka hadi gauni hadi kochi. Ulikuwa umenyooka. Ulikuwa na haki ya kunyooka, maana ulikuwa mstari wake.

"Nani kamfundisha mtoto kurudi nyuma kila hatua?"

"Ulimwambia asisimame, wifi. Hukumwambia asirudi."

Wifi akaketi tena, kwa kuwa hakuwa na namna nyingine. Alipoanza kusema, hakupandisha sauti, na hilo lilimtisha Mama Mita kuliko kelele.

"Nikuambie ukweli. Shati lile nilikuwa nimelikubali. Ni baya, lakini ni shati, mtu anaweza kulivaa akapita nalo mbele za watu. Cherehani ningeiacha. Lakini siwezi kuiacha katika nyumba inayonishona kwenye kochi kama mto, halafu mwenye nyumba anatoa macho. Niombe radhi, yaishe. Neno moja tu."

Baba Mita alikuwa amerudi mlangoni na bisibisi. Alimkonyeza mkewe. Alimkonyeza tena, kwa jicho jingine. Kwa lugha ya macho ya ndoa yao alikuwa akisema: sema tu, mama, neno halina uzito, cherehani ndiyo yenye uzito, mimi niliibeba.

Na kweli neno lilikuwa tayari. Mama Mita aliliona likija. Kazini aliomba radhi kutwa: kwa mbwa wa watu, kwa bei ambazo hakuzipanga yeye, kwa mabomba aliyoyakuta yakivuja. Angelisema bila kulihisi, na Jumatatu gurudumu lingezunguka kama kawaida.

"Mama," Kifungo alisema. Alikuwa ameishusha sindano. "Nimekosea?"

Mzee naye alikuwa akimwangalia. Uso wake wa mstaafu ulikuwa umemtoka, akabaki mtoto wa miaka saba aliyemwambia mdogo wake aendelee.

"Hapana," mama alijibu. "Umeshona pale ulipochorewa, mpaka mwisho, hukumfuata mjusi. Hujakosea kitu."

Akiisha kutamka hivyo, lile neno jingine halikuwa na pa kupita. Aliliona likigeuka na kurudi lilikotoka. Akainuka, akaenda kwenye meza, akatoa kitambaa kilichobaki chini ya sindano, akaifunika cherehani kwa kifuniko chake cha mbao, akabana vibanio vyote viwili. Kisha akaibeba yeye mwenyewe, akaiweka juu ya mapaja ya wifi yake.

"Ichukue," alisema. "Fumua tutakufumua. Kuomba radhi, hapana."

Lakini mtu aliyeshonwa kwenye kochi haendi popote, hata akiwa ameshinda. Ilibidi wifi akae na ushindi wake mapajani, wakati Kifungo, kwa mkasi mdogo wa kukatia kucha, anarudisha gari lilikotoka, kituo baada ya kituo, Mzee akihesabu kinyumenyume. Kazi ilikuwa ya taratibu. Wifi aliketi akitazama ukuta. Alitazama shuka la mifuko nyuma ya mlango. Mamba wa soksi alimtazama kutoka juu ya kabati. Mwishowe, kwa kukosa pa kuweka mikono, alibanua vibanio, akakiondoa kifuniko, na kiganja chake kikakaa kwenye mkono wa gurudumu. Likazunguka. Likatoa ule mlio wake, wa kukoroma kidogo na kumalizia kwa filimbi.

"Linakoroma bado," alisema, si kwa mtu.

"Ukikimbiza ndiyo linakoroma," Mzee alimwelekeza. "Zungusha kama unakoroga kitu cha moto."

Wifi akamwambia anajua, alijua kabla baba yake Mzee hajaota meno. Yeye ndiye aliyekuwa akilizungusha. Mama yake aliongoza kitambaa, yeye akasimama juu ya kigoda akizungusha, na akizidisha mwendo alipigwa kidogo mkononi kwa kijiti cha kupimia nguo, akaambiwa asikimbize sindano, sindano haina deni la mtu.

"Hata mimi naambiwa nisikimbize," Mzee alisema. "Sipigwi, lakini natazamwa."

"Kutazamwa ni kubaya zaidi," wifi akakubali.

Alizungusha tena, polepole. Kifungo alikuwa amefika kwenye maua ya gauni, akikata kwa tahadhari, ulimi nje. Wifi aliinama akamwonyesha jinsi ya kuingiza ncha ya mkasi chini ya uzi bila kugusa kitambaa, akamshika kidole, akamsogezea mwanga. Kisha, bila kugeuza kichwa, akasema kwa sauti ya kufika mlangoni:

"Siku ile ulishindwa kunisubiri, wewe mtoto? Nilikuwa njiani. Nilikuta meza tupu, na vumbi lina umbo lake."

Baba Mita aliangalia bisibisi yake. Alianza kusema kuhusu gari la kukodi, na mvua ambayo ingenyesha. Mkewe akamwona akijiandaa kusikia mlio kwenye friji, akasogea, akasimama kwenye njia ya kutokea. Alisimama tu, kwa upana wake wote, mwanamke aliyewahi kuzuia mbwa wa watu kwa kuwatazama.

"Nilijua utaitaka," Baba Mita alisema. "Ndiyo maana sikusubiri. Nilikukosea, dada. Nisamehe."

Wifi alizungusha gurudumu mpaka mlio ukaisha. Kifungo akakata uzi wa mwisho, kitambaa cha kochi kikaanguka, na wifi akainuka, mara hii peke yake. Juu ya gauni lake kulibaki safu ya matundu madogo, yamenyooka kutoka pajani hadi chini. Aliiinua cherehani kwa mikono miwili. Akatembea nayo, akaupita mlango bila kutoka, akafika kwenye meza ile ya siku zote, akaiweka mahali ilipotoka.

"Itabaki," alisema. "Lakini nikija hapa, gurudumu nalizungusha mimi kwanza."

Mzee akasema hilo linawezekana, ila kuna foleni, na yeye ndiye wa mbele. Wifi akamwambia yeye ni shangazi. Mzee akasema foleni haijui shangazi. Mdomo ule uliobanwa tangu asubuhi ukafunguka, kicheko kikatoka kikubwa kuliko gauni, Baba Mita akakidandia, na Kifungo, ambaye hakujua kinachochekwa, akacheka kuliko wote.

Wifi alipomaliza kujifuta macho, akaunyoosha upande wa gauni wenye matundu, akauweka mbele ya Mama Mita ili auone vizuri. Macho yake yalikuwa bado yanacheka, lakini kidevu kilikuwa juu.

"Haya. Mumeo ameniomba radhi. Mtoto amenifumua. Cherehani nimewaachia. Umebaki wewe, wifi. Neno moja tu, nisikie linavyotoka."

Mama Mita aliyatazama matundu. Aliyapima kwa macho, kama apimavyo kila kitu. Akamchukua Kifungo, akamweka kiunoni, ingawa alikuwa mkubwa wa kubebwa.

"Gauni nitalipiga pasi ya mvuke, matundu yafungike," alisema. "Chai nitakupikia, na njiani nitakusindikiza. Radhi siombi, wifi. Si leo, wala ukija Jumamosi nyingine."